Kura Ambazo Hakuziomba: Maisha ya Jenerali Godefroid Kangwa, 1951–2025

Baba Padri, wakubwa wa jeshi mlio kazini na mliostaafu, majirani wa Karavia, ndugu zetu wa Sakania na wageni wetu wa Mitwaba, ninyi nyote mlioacha shughuli zenu ili mkae nasi katika kilio hiki, familia imenituma mimi, Huguette Kangwa, mdogo wake, niwasomee maisha ya ndugu yetu, na kwa kuwa nilifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi wamesema nitasoma bila kukwama, jambo ambalo tutaliona pamoja.

Godefroid Kangwa alizaliwa Sakania tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa Papa Anselme Kangwa, mfanyakazi wa reli, na Mama Veronica Mwape, aliyelima karanga na kuuza samaki wakavu upande huu na upande ule wa mpaka, akabatizwa Pasaka ya mwaka huohuo, na katika watoto saba wa nyumba ile leo nimebaki mimi peke yangu. Alisoma shule ya msingi palepale Sakania kuanzia mwaka 1957, na mwaka 1963 Papa alimpandisha treni kuja huku Lubumbashi, mji ulipokuwa bado unaitwa kwa jina lake la zamani, akaingia sekondari ya mapadri na kulala bweni hadi alipopata diploma yake mwaka 1970. Walimu wake walimsifu kwa hesabu na kwa mwandiko, na walimweka katika kwaya kwa sababu ya urefu wake tu, maana sauti hakuwa nayo, na wale waliokaa karibu naye kanisani miaka hii yote wanajua kwamba aliendelea kuimba hivyohivyo, kwa nguvu na nje ya wimbo, bila mtu wa kuthubutu kumnyamazisha.

Papa alitaka awe mwalimu, lakini yeye alichagua jeshi, akaingia chuo cha maofisa mwaka 1971 na kutoka na nyota yake ya kwanza mwaka 1974, akatumikia Kamina, Kisangani na Bukavu, akawa meja mwaka 1990, kanali mwaka 2000, na jenerali wa brigedi mwaka 2004. Kuhusu miaka ile ya vita sitasema mengi, kwa sababu yeye mwenyewe hakusema mengi, na tulipomuuliza mezani alitujibu kwa habari za chakula cha kambini, jinsi kilivyokuwa kibaya.

Tarehe 4 Agosti 1979 alifunga ndoa na Albertine Nkandu, binti wa familia ya Lubumbashi tangu enzi za babu zake, na Mungu akawajalia watoto wanne, Guelord, Daniella, Myriam na Kiki, wote wapo hapa, pamoja na wajukuu tisa. Mama Albertine alimfuata katika kambi zote alizoruhusiwa kumfuata, alilea watoto katika nyumba ambazo nyingine hazikuwa na milango, na wote waliowafahamu wanajua kwamba katika nyumba ya jenerali amri zilitoka kwa mama.

Mwaka 2005 alitumwa Mitwaba, wakati watu wenye silaha walipokuwa wamewafukuza raia katika vijiji vyao, na maelfu walikuwa wakiishi kambini chini ya maturubai kando ya mji. Alikaa kule mpaka mwisho wa mwaka 2006, na nitairudia safari hiyo mbele kidogo, kwa sababu bila Mitwaba hamtaelewa yale ambayo mji huu umesema juu yake tangu mwaka juzi. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2014, akarudi nyumbani kwake Karavia, hapa Lubumbashi, akanunua shamba dogo kwenye barabara ya Kasenga, akalima mahindi na kufuga bata, na alidhani kwamba maisha yake ya hadharani yamekwisha.

Jumapili tarehe 15 Januari 2023, baada ya misa ya pili, wageni walikuja nyumbani kwake wakiongozwa na Maître Hénoc Mumba, wakili ambaye wengi wenu mnamfahamu, mtoto wa sajini aliyewahi kuwa chini ya yaya wangu, yaani huyu kaka yangu mkubwa, kule Kamina. Waliketi chini ya kibanda cha ua, wakanywa walichopewa, na Maître akasema kwamba mwisho wa mwaka nchi inachagua rais, na kwamba wao wamefikiri sana na wanaona anayefaa ni yeye. Yaya alicheka kwanza, akafikiri wamekuja kumtania kwa sababu ya bata wake. Lakini Maître hakucheka, akasema, «Mon général, bantu banakungojea, ni weye tu hujui.»

Nilikuwepo siku ile, nilisikia walivyompima mbele ya macho yake kama watu wanaonunua ng'ombe, na ninasema hivyo bila ubaya, maana walifanya kwa heshima. Upande wa wema waliweka kwamba jina lake linajulikana toka Sakania mpaka Mitwaba, kwamba familia za askari zinamwamini, kwamba anaongea Lingala ya kambi na Kiswahili cha Bukavu na cha kwetu, na kwamba baada ya miaka arobaini na zaidi ya jeshi anaishi katika nyumba ambayo paa lake linavuja. Upande wa udhaifu waliweka umri wake, walisema hana chama, Kinshasa hawamjui na Kasai wanamwogopa kidogo kama wanavyoogopa kila mtu wa Katanga, na hajui kuhutubia, kwani alizoea kuongea na watu waliosimama mstari na kunyamaza. Mmoja wao alisema kwamba watu wa siku hizi hawapendi wanajeshi. Mwingine akamjibu kwamba wanasiasa ndio hawapendwi zaidi.

Yaya aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hatawajibu ndiyo wala hapana, kwanza ataenda mahali alipowahi kutumikia, bila bendera na bila muziki, awasikilize watu wenyewe, na baada ya hapo atajua. Mama Albertine, ambaye siku ile hakusema neno mbele ya wageni, aliniita jikoni akaniomba nifuatane na mumewe katika safari hizo, kwa sababu ya dawa zake za presha, na kwa sababu, alisema, wanaume hawa watamwambia tu yale anayotaka kusikia.

Tulianza na Sakania, tarehe 18 Machi 2023. Maître alikuwa ametangulia, na ahadi ya kutokuwa na muziki ilikuwa imesahaulika, tulikuta fanfare, bendi ya matarumbeta, kwenye kituo cha treni, wanawake wa soko wamevaa vitambaa, na watu waliobeba picha yake akiwa na magwanda, picha ya miaka ishirini iliyopita. Walimbeba mabegani, mtu wa umri wake, nikashikilia chupa ya dawa nikisali. Aliongea juu ya reli, juu ya baba yetu, juu ya wamama wanaovuka mpaka na magunia yao na kusumbuliwa kila wanapofika kwenye kizuizi cha barabara, na walimpigia makofi katika kila sentensi, hata zile ambazo hakuwa amezimaliza. Maître alifurahi sana, akasema Sakania imekwisha, iko yetu. Katika gari wakati wa kurudi, karibu na Kasumbalesa, yaya aliniuliza kama nilimwona mtu yeyote aliyemuuliza swali, na nilipofikiri vizuri nikagundua kwamba hakuna.

Mitwaba tulifika tarehe 24 Juni, wakati wa kiangazi, kwa barabara ambayo wageni wetu wa huko wanaijua na mimi sina haja ya kuieleza. Safari hii yaya alikataza fanfare kwa sauti ile ya zamani, na Maître akatii. Watu walikusanyika katika uwanja wa parokia, labda mia tatu, wakaketi chini, na yaya akakataa kiti cha mbele, akasimama. Aliwaambia kwamba wapo watu wanaotaka asimame kuwa rais, na kwamba amekuja kwao wamwambie wanafikiri nini, kwa sababu wao walimwona katika mwaka mbaya kuliko yote.

Katekista mmoja aliuliza juu ya barabara, mwingine juu ya mbegu. Kisha akasimama mama mmoja mwembamba, aliyefunga kitambaa cha kahawia kichwani, akajitaja jina lake, Delphine Kabange, mkulima. Hakuwa na hasira, nataka mlijue hilo, aliongea kama mtu anayeuliza bei sokoni.

«Mon général,» alisema, «ule mwaka ulikuya pa kambi yetu, ukatuambia turudie ku mashamba, ukasema njia iko muzuri. Bwana yangu na mutoto wangu bakaenda. Habakurudi. Sisemi ni weye ulibaua, sisi bote tunajua ni banani. Minataka kuuliza kintu moya tu. Ile siku ulisema njia iko muzuri, ulikuwa unajua, ao ulikuwa unatumaini?»

Nilimtazama ndugu yangu. Nimemjua tangu nilipoanza kujua watu, nilimwona akizika baba na mama, lakini uso ule sikuwahi kuuona. Maître alikuwa karibu naye, alimshika mkono kwa nyuma kama kumwambia asubiri, kwa sababu lilikuwepo jibu jingine, na jibu hilo nalo lilikuwa la kweli, kwamba wapelelezi walikuwa wamempa habari nzuri, na kwamba wakubwa walitaka kambi ile ifungwe upesi. Yaya alitoa mkono wa Maître taratibu.

«Mama, sikujua,» alisema. «Nilitumaini.»

Mama Delphine akasema, «Aksanti. Njo ile nilikuwa nataka kusikia,» akaketi. Hakuna aliyepiga makofi na hakuna aliyelalamika. Katekista aliomba tusali kwa ajili ya marehemu wote wa mwaka ule, tukasali, na baada ya sala yaya alienda kuketi chini pamoja na yule mama, na waliongea mpaka jua lilipoanza kushuka, maneno ambayo sikuyasikia.

Njiani Maître alisema kwa masikitiko kwamba kampeni imefia pale uwanjani. Alikosea. Mtu fulani alikuwa amechukua video kwa simu yake, na kabla hatujafika Likasi video ilikuwa imeshafika Lubumbashi. Wapo waliosema jenerali amekiri kwamba alipeleka watu kifoni, na matusi yao tuliyasoma, lakini waliosema kinyume walikuwa wengi zaidi, walisema kwamba tangu wazaliwe hawajawahi kumsikia mkubwa akisema sikujua. Katika commune ya Kenya, mtaa wa hapa mjini, katika Katuba, mpaka Kolwezi na Kalemie, watu waliitazama na kuitumiana, walitupigia simu kutoka Goma, walitupigia kutoka Kinshasa, redio mbili zikaomba kuja nyumbani. Maître alirudi mwezi wa nane akiwa mtu mpya, alikuwa amekaa na watu wanaojua hesabu za uchaguzi, na wote walimwambia kwamba sasa jambo linawezekana, si kwa heshima tu, linawezekana kabisa. Hata Guelord, ambaye mwanzoni alisema baba amezeeka mno, alianza kuuliza nani atakuwa msemaji.

Jumamosi tarehe 9 Septemba 2023, mchana, familia na wageni walikutana sebuleni ili uamuzi utolewe, kwa maana siku za kupeleka jina zilikuwa zinakaribia. Maître aliingia na vijana wawili waliobeba kitambaa kirefu, wakakifungua kutoka ukuta hadi ukuta. Kilikuwa kizuri, cha bluu, kina picha ya yaya, safari hii akiwa na shati la kawaida, na chini yake kwa herufi kubwa kumeandikwa NILITUMAINI, na tena chini, TUTUMAINI PAMOJA. Wengi mle ndani walipiga makofi, na mimi pia nilipiga, sitaficha, kwa maana kilipendeza.

Yaya alisimama mbele ya kile kitambaa muda mrefu. Kisha akawaomba vijana wakikunje, kwa upole, akawashukuru kwa kazi.

«Maître,» alisema, «neno hili si langu. Ni la mama Delphine na watu wake wawili.»

Maître alisema kitambaa ni kitambaa tu, kinabadilishwa leo, hakuna shida. Hapo ndipo Mama Albertine alipoongea, na ninaomba ruhusa yake kulisema hili, ameshanipa. Alisema kwamba yeye toka Januari hakutaka mumewe asimame, lakini tangu Mitwaba anataka, kwa kuwa mtu anayeweza kujibu vile mbele ya mjane anafaa kupewa nchi, na kama tatizo ni kitambaa basi kitambaa kichomwe na kazi iendelee.

Yaya alimjibu yeye, si sisi. Alisema amepima kama alivyoahidi, anaona kweli zipo kura, pengine nyingi kuliko anavyostahili, lakini mtu anayeomba kura hawezi kupanda jukwaani na kusema sijui, atawaambia watu milioni kwamba njia ni nzuri, waende, na wataenda. «Nilishalisema mara moja,» alisema. «Siwezi kulisema tena.»

«Na wale watakaosimama,» Mama Albertine aliuliza, «wao wanajua?»

Yaya aliinamisha kichwa, akasema hapana, pengine hawajui, na kwamba hilo litamuuma mpaka kufa kwake, lakini jina lake halitapelekwa. Na halikupelekwa.

Miezi iliyofuata ilikuwa migumu kuliko watu wengi wanavyodhani. Wale waliombeba mabegani walisema amenunuliwa, wengine waliandika kwenye ukuta wa uzio wake neno ambalo sitalisoma mbele ya Padri, na Guelord hakuongea na baba yake mpaka Krismasi. Maître Hénoc aliacha kuja, hakutukana, hakusema vibaya popote, aliacha tu kuja, na hilo lilimuumiza yaya kuliko ukuta. Mama Albertine alimpikia, alimkumbusha dawa zake, na alimwambia kila mara jambo lilipotokea katika habari ya redio kwamba hakukubaliana naye na bado hakubaliani. Yeye alisema, «Najua, mama Guelord,» na wakaendelea kula.

Mwezi wa Julai 2024 alirudi Mitwaba, bila Maître na bila mimi, akafuatana na dereva tu. Mama Delphine alimpeleka kwa miguu kwenye ile njia ya mashamba, akamwonyesha mahali walipouawa watu wake wawili, na pamoja na wanaume wawili wa kijiji wakasimamisha msalaba wa mti wenye majina ya mumewe Papa Norbert na mwanawe Gustave, kisha wakaendelea na safari mpaka shambani kwake, kwa maana yule mama hakuwa amewahi kuliacha shamba, wakala bukari, yaani ugali, na matembele. Haya tumeyajua kwa Mama Delphine mwenyewe juzi alipofika, kwani yaya aliporudi alituambia tu kwamba mahindi ya kule yalikuwa mazuri.

Ugonjwa ulianza Novemba 2024, kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi usiku, madaktari wakatuambia ni moyo, na kwamba umechoka. Alilazwa mara ya kwanza tarehe 2 Desemba, akarudi nyumbani kwa Krismasi, akaimba misani kama ilivyo desturi yake, akalazwa tena Januari. Siku moja alasiri Maître Hénoc aliingia chumbani akiwa na mfuko wa machungwa, akasimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule. Yaya alimwambia aketi, akamuuliza habari za mama yake na kesi zake mahakamani, na walipokuwa wamekula machungwa karibu yote Maître alimuuliza kwa sauti ndogo, kama wangesimama ingekuwaje. Yaya alifikiri kwa makini, kama mtu aliyeulizwa jambo la kazi.

«Sakania tungeshinda,» alisema.

Walicheka mpaka muuguzi akaja kuwagombeza, na tangu siku ile Maître alikuja kila jioni baada ya kazi, alimnyoa ndevu, alimsomea magazeti, na ndiye aliyekuwa amemshika mkono wa kushoto, Mama Albertine akiwa ameshika wa kulia, alfajiri ya Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, ndugu yetu alipoacha kupumua, akiwa amepokea sakramenti zote, siku chache kabla ya kutimiza miaka sabini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuchoka na kumvumilia alipowapa amri, majirani wa Karavia waliotupa viti, maji na usingizi wao, wakristo wa parokia, hasa kwaya ambayo alikuwa mzigo wake kwa miaka kumi, wenzake wa jeshi waliokuja na waliotuma salamu, Maître Hénoc ambaye leo tunamhesabu kama mtoto wa nyumba hii, na Mama Delphine Kabange aliyepanda lori kutoka Mitwaba na ambaye toka afike hajaondoka karibu na Mama Albertine. Tunaomba pia, kwa upendo, walioleta picha na bendera waziache getini, wakija makaburini waje na mikono mitupu kama sisi.

Yaya, nimesoma bila kukwama, karibu. Hapa uani, toka juzi, wanakubishania, wengine wanasema ulituacha, wengine wanasema ulituheshimu, na Albertine wako ameshagombana na wawili wa kila upande. Mimi mwenyewe sijui niketi na nani. Mabishano haya sasa ni ya kwetu, sisi tutayabeba, na wewe uliyechoka, lala katika amani ya Bwana.